Kikohozi Kilichonipeleka Butihinda

Sikuondoka Gitega kwa kutafuta starehe, wala hakuna aliyenituma. Niliondoka kwa sababu kamati yetu ya kuchagua hadithi za Kiswahili, ambayo mimi ni katibu wake tangu nilipostaafu utumishi wa serikali, ilitaka kumtangaza mtu kuwa mwizi bila kumsikiliza. Katika miaka yangu yote ya ofisini, hata mlinzi aliyekutwa amelala zamuni aliitwa kwanza akajieleza. Nililisema hilo kikaoni kwa sauti ambayo, naambiwa, ilisikika mpaka barazani.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwanamke mmoja wa Butihinda, huko Muyinga, aitwaye Generoza, alituletea hadithi ya mama mzee anayerudi kwenye kilima cha wazazi wake baada ya kuishi miaka mingi kambini Tanzania. Kambini nyumba zilibanana. Mtu akikohoa, jirani humwambia "pole" kupitia ukutani. Mama anarudi Burundi, anakohoa, na hakuna anayemjibu. Anaamini kwamba majirani wanamchukia. Hadithi inaishia hapo, naye ameketi kitandani akisubiri.

Mashtaka yaliletwa na mjumbe wetu Sadiki, mwuza vitambaa wa hapa mjini na mtunzi wa visa vya kuchekesha.

"Muzee Sekretere, hii iko ya kuibwa," alisema, akigonga karatasi kwa kidole. "Kiswahili imenyooka hivi, mukulima wa Butihinda ameitoa wapi? Na angalia hapa: pole inapita ku ukuta! Ku Burundi, rugo yako iko huku, rugo yangu iko kule, katikati kuko migomba. Donc, huyu mama amekopiya kitabu ya Tanzania, akaweka jina yake juu. Voilà."

Rugo ni nyumba pamoja na ua wake, na ni kweli kwamba vilimani kwetu kila rugo husimama peke yake. Mwenyekiti akaongeza kosa la pili: hadithi haina sura za watu. Hakuna macho, hakuna nguo, ni sauti tupu. "Aliyeyaona mambo angeandika alichoona," alisema. Wajumbe wakaafikiana kwamba hadithi iondolewe, na sababu ya kuondolewa isomwe hadharani siku ya kuzindua kitabu. Niliomba uamuzi usimamishwe mpaka nirudi. Walicheka, lakini walikubali.

Jumatatu asubuhi, kituoni Gitega, magari yalisubiri mafuta na abiria tukasubiri magari. Nilipata nafasi katika gari dogo lililokuwa likielekea Muyinga kwa njia ya Karuzi, katikati ya mwalimu aliyesinzia na mama aliyepakata kuku.

Njiani kuelekea Karuzi nilitazama nyumba kwa makusudi, jambo ambalo sikuwa nimelifanya ingawa nilizaliwa Buraza, mashambani. Vilima vilikuja kimoja baada ya kingine, na juu ya kila kilima moshi ulipanda hapa, mwingine kule, na kati yake migomba na mihogo. Waendesha baiskeli walishuka mteremko wakiwa wamebeba mikungu ya ndizi mirefu kuliko wao. Mpaka Karuzi sikuona nyumba ambayo ukuta wake ungeweza kusikia ukuta wa nyumba nyingine. Sadiki hakuwa amesema uongo. Niliingia Muyinga nikiwa na mashaka, na mashaka hayo nayaandika hapa kwa kuwa yalikuwepo.

Muyinga mjini nilipanga chumba karibu na soko, kwa mama mmoja Mwislamu aliyeuza pia chapati mlangoni. Alilichunguza koti langu kwa muda.

"Uko mutu wa kodi?"

"Hapana."

"Uko wa kuhesabu watu?"

"Nimestaafu, mama."

"Aaa! Basi sasa uko mutu," alisema, akaniwekea chapati ya pili.

Siku iliyofuata, pikipiki ilinifikisha Butihinda. Ulikuwa msimu wa kiangazi, na vumbi jekundu liliingia kooni mpaka nikashuka nikikohoa. Mbele ya nyumba ya matofali mabichi Generoza, mwanamke wa makamo, alikuwa akianua maharage kutoka kwenye mkeka. Aliacha kazi, akainama kidogo.

"Shikamoo, baba."

Gitega hatuamkiani hivyo. Nilichelewa kuitika marahaba, na nadhani aliona. Alinipa maji, akanipa kigoda, akasubiri. Nilimweleza shauri lote bila kupunguza neno, pamoja na kile kilichokusudiwa kusomwa hadharani. Alisikiliza akichambua maharage.

"Kambini waliniita Mrundi," alisema. "Nimerudi kwetu, wananiita Mtanzania. Nanyi wa Gitega mmeniongezea la tatu: mwizi. Hilo siku hiyo mtalisoma kwa kipaza sauti?"

"Ndivyo ilivyopangwa."

"Basi mimi ndio mwisho wangu hapa, baba. Utanzania nimeuzoea. Ila wizi? Nani ataniuzia mbegu? Nani atanikopesha jembe?"

Nilimwuliza Kiswahili chake kimetoka wapi. Alijibu kwamba kimetoka pale pale alipokulia. Alikwenda kambini akiwa mgongoni mwa mama yake, akarudi na watoto wake. Nilimwuliza kwa nini watu wake hawana sura. Hapo aliacha maharage.

"Ukuta wetu ulikuwa wa udongo mwembamba na turubai. Huku wanagombana, kule wanasali, kule mtoto anafundishwa kuhesabu. Mimi nilikuwa nawajua wote kwa sauti kabla ya kuwajua kwa uso. Wengine uso sikuwahi kuuona mpaka wakafa. Nikiandika, nasikia. Nikilazimisha kuona, nadanganya."

Nilikuwa bado natafakari jibu hilo wakati sauti ya mwanamume ilipopaa kutoka mbali, ng'ambo ya migomba:

"Poleee!"

Hakuna aliyekuwa amekohoa. Kutoka ndani ya nyumba kikasikika kicheko cha kikongwe, mama yake Generoza, kisha kikohozi kimoja cha makusudi, kikavu kabisa.

"Poleee, mama! Nimesikia!"

"Mwongo!" kikongwe alipiga kelele. "Hukusikia kitu!"

Muda mfupi baadaye mwenye sauti alitokea kati ya migomba, jembe begani. Aliitwa Ferdinandi, mtu aliyebaki kilimani wakati wote ambao wengine walikuwa uhamishoni. Aliniamkia, akamnyooshea kidole mama mzee aliyekuwa ametoka akijikongoja mlangoni.

"We mugeni, huyu mama alininunia! Napita, hanisalimu. Nikimwambia amahoro, anageuza shingo. Nikauliza bibi yangu: ewe, nimeiba mbuzi yake? Kumbe iko kikohozi! Eti anakohoa, mi sijibu. Sasa rugo yangu iko kule chini. Masikio yangu iko ya mutu, haiko ya imbwa!"

"Kule kwetu, jirani asiyesema pole ni adui," alisema mama mzee bila kutetereka. "Ningejuaje kwamba huyu ni kiziwi tu?"

"Tangu siku niliyoambiwa," Ferdinandi aliniambia, "kila nikianza kulima namupa pole yake. Akohoe, asikohoe, shauri yake."

Nilimwuliza Generoza kwa nini hakuyatia haya katika hadithi, yangewachekesha wasomaji.

"Niliandika kabla hajaanza. Na hata sasa nisingeyatia. Kicheko cha Ferdinandi ni cha Ferdinandi. Mimi nilikuwa naandika ule ukimya, kabla mtu hajajua kwamba ni migomba tu." Kisha akanitazama usoni. "Msinibadilishie ukuta, baba. Wala msiniwekee maelezo chini ya ukurasa. Mkiona haifai, itoeni. Lakini msiseme nimeiba."

Nilipoaga, mama mzee alinisikia nikikohoa tena, akaniambia pole. Ferdinandi akamwambia asimzoeshe mgeni.

Nikiwa safarini kurudi, kati ya Muyinga na Karuzi, nilipata nafasi ya kuwafikiria wenzangu wa kamati. Visa vya Sadiki nimevisoma vyote. Ndani yake hakuna mtu anayemaliza sentensi. Kila mmoja anamkatiza mwenziwe, na katikati yao daima kuna kitu kinachoshikwa, kinapimwa, kinarudishwa. Nilikuwa nikidhani ni ustadi alioubuni. Lakini Sadiki alilelewa nyuma ya meza ya duka la baba yake, mahali ambapo wateja hawakuwahi kuzungumza mmoja mmoja. Na msomaji wa masimulizi haya atakuwa amekwisha kuona kwamba mimi siwezi kueleza jambo bila kutaja nani alikuwepo na nani alisema nini. Hakuna anayenituhumu kuiba kumbukumbu za vikao.

Alhamisi, Gitega, niliyasoma haya mbele ya kamati. Kuna maswali yaliyoulizwa, nami nikayajibu. Mwenyekiti aliona uamuzi mwema ni hadithi ibaki, ikiwa na maelezo mafupi chini ya ukurasa. Nilipinga. Sadiki alichukua ile karatasi akaisoma sehemu ya ukuta kwa sauti, taratibu, akibadilisha sauti ya kila jirani. Alipomaliza alisema, "Maelezo ya nini? Mi nimeelewa." Hadithi ilipitishwa kama ilivyo.

Nilitaka pia mwandishi aombwe radhi. Mwenyekiti akajibu kwamba kwa kuwa tuhuma haikutangazwa, hapakuwa na lolote la kuombea radhi. Maneno hayo niliyaona ya aibu, na niliomba yaandikwe yalivyo. Kwa kuwa mwandishi wa kumbukumbu ni mimi, yameandikwa.

Baada ya kikao, nikikusanya karatasi, Sadiki alinijia. "Muzee, nipe namba yake." Alipiga pale pale, akiwa amesimama dirishani, simu ikiwa na sauti ya kusikika.

"Allo, mama Generoza? Iko mimi, Sadiki, wa Gitega. Ule... ule wa kusema kwamba..."

Mtu huyu, ambaye hajawahi kukosa neno sokoni, alikohoa kidogo, kama anavyokohoa asiyejua aanzie wapi.

Upande wa pili haukungoja.

"Pole, baba."

Katika kumbukumbu za siku hiyo nimeandika kwamba radhi iliombwa na ikapokewa. Kwa kuwa napenda mambo yawe sawa, naongeza hapa kwamba neno lenyewe halikutamkwa.