Mzee Aliyesoma Taa za Mita

Habari za kifo chake zilinifikia Jumanne asubuhi kupitia kundi la WhatsApp la wapangaji, lile ambalo siku nyingine hujaa malalamiko ya maji na takataka. "Yule mzee aliyekuwa keateka wetu, mwangalizi wa nyumba, ametuacha. Homa ya mapafu. Anazikwa kwao Vihiga Jumamosi." Chini yake zikafuata sifa: alikuwa baba, alikuwa mtu wa watu. Nilizisoma kwa jicho la pembeni. Mimi ni mtu wa kushuku, wasomaji wangu wa siku nyingi mnanijua, na wengi wa hao waliokuwa wakimlilia ndio waliomwita mpelelezi. Aliyeanza kumwita hivyo ni mimi.

Ploti yetu, jengo la nyumba za kupanga, iko mtaa wa Satellite, ghorofa nne, na sheria yake ya kwanza imeandikwa kwa rangi langoni: koili ni marufuku. Koili, kwa wale wenye bahati ya shawa za moto huko Parklands, ni ule waya mnene uliojiviringa, unaoutumbukiza katika ndoo ya maji, ukauchomeka ukutani, na baada ya muda ukaoga kama binadamu. Mwenye ploti, mama mmoja mkali, alisema nyaya za nyumba hazibebi mzigo huo. Mimi nilishuku kwamba anapenda tu kutuamrisha. Nikanunua yangu mjini, nikawa naificha chini ya kitanda. Wala sikuwa peke yangu. Asubuhi za Julai, baridi ya Nairobi inapong'ata, mvuke ulitoka katika madirisha ya bafu ya watu wanaoapa kwamba wanaoga maji baridi.

Mzee alikuwa na tabia moja. Kila siku alisimama mbele ya sanduku la mita za umeme, pale chini ya ngazi, mikono nyuma, akitazama. Kila mita ina kitaa chekundu. Ukiwa umewasha balbu na redio tu, kinawaka na kuzima polepole. Ukiwasha kitu kizito, kinakwenda mbio. Kwa hiyo yeye alijua nani anachemsha maji. "Sasa boss," angeniambia nikishuka, "leo umeoga moto." Kisha anacheka. Kicheko kile kilinikera. Nilijiuliza habari hizo anampelekea nani: mama mwenye ploti, au wezi wanaotaka kujua nani yuko na nani ametoka? Niliwaeleza majirani, nao wakaanza kumkwepa. Haikunijia akilini kwamba kwa miaka yote aliyosimama pale hakuna mpangaji hata mmoja aliyefukuzwa kwa sababu ya koili. Nikampigia mama simu, nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Wiki hiyo hiyo mama akatia kufuli lake kwenye sanduku, akaenda na ufunguo. Mzee akaendelea kuchungulia kupitia kidirisha cha kioo. Nikawaambia majirani, mnaona?

Halafu ikaja siku ya stima kupotea, umeme ukakatika ploti nzima. Nilikuwa nimetumbukiza koili, na maji hayajapata hata uvuguvugu, giza likaingia. Nilingoja, nikachoka, nikajimwagia maji baridi ya bomba huku nikilaani, nikafunga mlango nikaenda kazini mjini. Ndoo niliiacha bafuni, koili ndani, plagi ukutani, swichi imewashwa. Kosa hilo wanalijua wote wanaoishi na koili: stima inapopotea, mkono husahau kwamba itarudi. Ilirudi kabla ya saa sita mchana. Mzee alinipigia mara tatu. Niliona jina lake kwenye simu, nikasema moyoni, huyu anataka nini tena, nikaigeuza simu kifudifudi mezani.

Jioni nilikuta nyumba yangu peke yake haina stima. Niliingia bafuni na tochi ya simu. Maji yalikuwa yamepungua hadi nusu. Ukingo wa ndoo ulikuwa umelegea na kuinama, koili ikaegemea plastiki, na harufu ya kuungua ilikuwa bado imekaa kwenye taulo. Jirani yangu wa ukuta wa pili alikuwa na mtoto wa miezi minne.

Niliposhuka, nilimkuta mama mwenye ploti uani, ameshika kufuli lililovunjwa, wapangaji wamemzunguka. "Nani amekwambia uvunje kufuli yangu?" alimuuliza mzee.

"Nilisikia harufu ya kuungua, mama. Nikaona afadhali nizime hiyo nyumba."

"Nyumba gani? Kama kuna mtu anatumia koili hapa, anahama leo leo."

Mzee alinitazama. Hakunionyesha kidole, alinitazama tu, akanipa nafasi. Nami nikainamia simu yangu kana kwamba kuna ujumbe wa maana. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba kumbe alitaka kuiba nyaya. Ndipo nikamsikia mzee akisema, "Pengine ni pua yangu tu, mama. Nimezeeka." Mama akamwachisha kazi, na alfajiri iliyofuata aliondoka na begi moja.

Mnadhani nilishukuru? Nilishuku. Nilingoja siku atakayokuja kunidai fadhila ya kunyamaza kwake. Siku nilipomwona kwenye maduka ya Adams Arcade amevaa sare ya bawabu, nilijisemea leo ndiyo leo. Alinisalimia vizuri, akauliza watu wa ploti, kisha akasogea karibu. "Boss, ile koili ulitupa?" Nikamjibu, "Nilitupa zamani, mzee." Ilikuwa bado chini ya kitanda. Akasema, "Hapo sawa," akarudi getini kwake. Sikumwona tena.

Katika jiji hili tumejifunza kwamba anayekutazama ana lake analotaka. Tunafunga kamera langoni na kulala fofofo, lakini mtu akitutazama kwa macho yake mwenyewe tunauliza ametumwa na nani. Sisemi tuache kushuku. Nairobi haina huruma kwa mwenye kuamini ovyo. Ila mwenye kushuku hana budi kuanzia kwake mwenyewe, na hapo mimi sikuwahi kufika. Naona aibu, na aibu hii imechelewa.

Jumanne hiyo, baada ya kuzisoma zile sifa, niliandika kwenye kundi, "Pumzika salama, mzee," kisha nikaifuta kabla ya kuituma. Nikaitoa koili chini ya kitanda, nikakata waya wake kwa kisu. Halafu nikakaa kuandika haya. Mama mwenye ploti, najua unasoma safu hii, uliniambia mwenyewe. Nyumba uliyoiulizia siku ile ni nambari saba. Ni yangu. Pua ya mzee haikuwa na kasoro yoyote.