Mistari ya Arlis Prewitt

Wilda Prewitt alipika katika jiko la shule ya Beech Fork mpaka magoti yakamkataa, na mumewe Arlis aliendesha basi la shule hiyohiyo mpaka watoto wa watoto aliowabeba wakawa wanapanda basi lake. Alistaafu Desemba. Mwanamke aliyeishi na mtu wa kuamka alfajiri huwa na tamaa moja tu uzeeni, kumwona mtu huyo ameketi. Wilda alimnunulia kiti cha barazani, akakiweka panapofika jua la asubuhi, akangoja. Arlis alikikalia kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha kahawa, kisha kikombe kikamponyoka.

Kikombe si kitu, nyumba haiishiwi vikombe. Ila kilitoka mkono wa kushoto, na wiki iliyofuata vifungo vya shati vikaushinda mkono huohuo. Wilda akamwona mumewe akijifanya anatafuta kitu mfukoni ili asionekane anahangaika. Akamwambia aende kwa daktari. Arlis akasema ni baridi. Machi ikaja, baridi ikaenda zake, mkono ukabaki vilevile, naye sasa akasema ni uzee. Kila alipoulizwa alikuwa na jibu jipya. Wilda, ambaye hakuwahi kudanganywa na mtu yule tangu waoane, akaanza kuyaogopa majibu kuliko alivyouogopa mkono.

Majira hayohayo trekta dogo la kukatia nyasi likafa injini. Kwingine hilo lingekuwa jambo la kusumbua tu. Barabara ya Beech Fork ni habari nyingine. Kule Kentucky mtu ana eka mbili za nyasi mbele na nyuma ya nyumba, hazilishi ng'ombe wala hazizai chakula, na bado watu wanakusoma kwa nyasi hizo. Nani kagombana na mkewe, nani kaanza kunywa tena, utaona Jumamosi jioni uwanjani kwake. Uwanja wa Arlis ulikuwa na mistari, mmoja wa kijani kilichokolea na mmoja mwepesi, imenyooka toka uzio hadi barabarani. Jumapili asubuhi magari ya kwenda kanisani yalipunguza mwendo pale, na dereva akanyanyua kidole kimoja kwenye usukani. Sifa ndiyo hiyo, hakuna nyingine inayotolewa, na wanaume wa kule wako tayari kuvunjika migongo kwa ajili ya kidole hicho.

Basi Aprili wakaenda mjini, kwenye duka la Dwight Lykins, kununua mashine ya kisasa, ile inayogeuka papo hapo ilipo. Hoyt Canfield, jirani yao, alijialika mwenyewe. Hoyt alikuwa na mashine ya aina hiyo tangu zamani na hakuwahi kumnyima mtu maoni yake. Njia nzima aliwaeleza kwamba haina usukani, ina vishikio viwili tu mbele ya kiti, kila kimoja na gurudumu lake la nyuma. Sukuma vyote sawasawa, itakwenda mbele imenyooka. Zidisha kimoja, itapinda. Kimoja mbele na kingine nyuma, itajizungusha hapohapo.

Dwight aliwatembeza kati ya mashine kama mtu anayeonyesha farasi wake. Wilda alitaka ile ndogo, maana alikuwa amepima geti la uani na kujua nini kinapita. Arlis akachagua ya visu vya inchi hamsini na nne. Alisema geti litapanuliwa, na kwamba kubwa inamaliza kazi upesi. Maneno hayo yalimshangaza mkewe, kwa kuwa Arlis hakuwahi kutaka kumaliza nyasi upesi maishani mwake. Alitamani kuuliza, ila Hoyt alikuwa anaongea. Dwight akaongeza kwamba anayo pia moja ya usukani, inageuka vizuri tu, wazee wengi wanaipenda.

"Usukani nimeushika mpaka nimeota sugu," Arlis akasema. "Nipe ya wanaume."

Baadaye, katika miezi ambayo hakulala vizuri, Wilda aliirudia sana dakika ile. Usukani unashikika hata kwa mkono mmoja, na mkono mmoja Arlis alikuwa nao mzima. Wangechukua ile ya wazee, huenda wangepata mwaka mwingine wa kutojua.

Akapanda kuijaribu nyuma ya duka. Akasukuma vishikio, mashine ikaenda kidogo, halafu ikaanza kuvuta kushoto, ikavuta tena, mpaka ikakaribia safu ya matoroli mapya. Dwight akakimbilia mbele yake huku amenyanyua mikono. Hoyt alicheka hadi akashika magoti.

"Jirani, miaka yote hiyo ulikuwa unawapeleka watoto wa watu shule au unawazungusha kijijini?"

Arlis naye akacheka. Dwight akasema kila mtu huyumba siku ya kwanza, mikono inahitaji kama wiki mbili kuzoea. Ni kweli, wote huyumba, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Anayejifunza huyumba huku na huku. Arlis aliyumba upande mmoja, na watu wazima watatu walisimama pale wakitazama bila kuona.

Njiani kurudi, mashine ikiwa imefungwa kwenye tela nyuma yao, Wilda alipiga moyo konde akasema tena habari ya daktari. Hoyt alikuwa ameshashuka kwake. Walipopita kanisa Arlis akamgeukia.

"Tupatane hivi, mama," akasema. "Nipe mpaka sikukuu ya uhuru, Julai. Kama mpaka hapo mistari yangu haijanyooka, utanipeleka kwa daktari yeyote umtakaye, na sitabisha. Ikinyooka, hutaniuliza tena."

Wilda alikubali. Aliona ni mapatano ya haki, kwa sababu mtu anaweza kudanganya kwa mdomo, na nyasi hazina mdomo.

Mei ilikuwa mbaya. Kila Jumamosi mistari ilitoka imepinda kushoto, yote, na kila Jumapili magari yalipunguza mwendo kwa sababu nyingine. Mchungaji alimuuliza Arlis mlangoni pa kanisa kama amewaachia mbuzi kazi. Arlis aliwacheka wote, akala chakula chake, akalala mapema. Wilda alihesabu siku zilizobaki hadi Julai na hakujua aombe nini, mistari inyooke au aende naye hospitali haraka. Kisha akamsikia Arlis anaongea na Dwight kwenye simu, na Dwight anamweleza kwamba kando ya kila kishikio kuna bolti. Mashine ikivuta upande, unapunguza nguvu ya upande wa pili kwa spana, inakaa sawa. Arlis akaingia gereji, akafunga mlango.

Wiki ya kwanza ya Juni mistari ilinyooka. Wilda aliiona kwa dirisha la jikoni akiwa na sahani mkononi, akaiweka chini kwanza ndipo akalia. Kumbe ilikuwa mashine. Kumbe alimnyanyasa mtu bure. Alioka pai ya pichi. Aliimba akiosha vyombo, jambo ambalo hakulifanya tangu Krismasi. Jumapili, Hoyt alipita na gari lake taratibu akanyanyua kidole. Wilda akampigia simu binti yao Janelle kule Louisville, akamwambia baba yake hana neno. Na kwa kuwa waliahidiana, aliacha kuutazama ule mkono. Hilo ndilo kosa alilojilaumu nalo, kwamba aliutazama uwanja badala ya mtu.

Ikafika siku ya kuamkia sikukuu ya Julai, na kesho yake Janelle na wanawe walikuwa wanakuja. Arlis alikata upande mmoja wa uwanja, akaingia ndani kunywa maji, akapitiwa na usingizi kwenye kochi na viatu vyake. Mawingu yalikuwa yanajikusanya. Wilda hakutaka kumwamsha, naye hakutaka wajukuu wakute uwanja umenyolewa nusu. Arlis hakuwahi kumruhusu kuipanda mashine ile, kila mara alisema ni korofi. Akaipanda. Akaiwasha, akasukuma vishikio vyote viwili mpaka mwisho.

Ikavuta kulia.

Akaisimamisha, akarudi nyuma, akajipanga upya kando ya mstari wa mumewe, akasukuma tena mikono yote miwili kwa nguvu sawa. Ikavuta kulia, ikaelekea uzio. Mikono ya Wilda ilikuwa imebeba masufuria ya watoto mia mbili, ilikuwa mizima na yenye nguvu sawa, naye aliijua. Akaitazama mistari ya asubuhi ile, imenyooka kabisa mbele yake, iliyokatwa kwa mashine hii hii. Mashine iliyopinda haiwezi kukata mstari mnyoofu, isipokuwa anayeisukuma naye amepinda kwa upande wa pili. Akazima injini. Akabaki ameketi palepale.

Alipogeuka, Arlis alikuwa amesimama barazani.

"Inavuta kulia," Wilda akasema.

"Kwako itavuta kulia."

"Umeifanya nini, mzee?"

Arlis alishuka ngazi polepole, akaja akashika ubavu wa kiti. "Nimekuwa nikiipunguza nguvu. Mkono wangu ukishuka, na yenyewe naishusha upande wa pili. Kidogo kidogo."

"Tuliahidiana."

"Tuliahidiana mistari. Si hiyo hapo?"

Wilda alitaka kumpiga. Hakuwahi kumkasirikia mtu hivyo, wala kumhurumia mtu hivyo. Alimwambia amemfanya mjinga. Alimwambia amempigia Janelle simu, amemshukuru Mungu mbele ya kanisa zima. Arlis akafuta vipande vya nyasi kwenye kishikio kwa mkono wa kulia.

"Nilijua siku ileile kwa Dwight," akasema hatimaye. "Wenzangu wanacheka, mimi najua. Nilitaka tu nipate kiangazi kimoja, Wilda. Nikusikie unaimba jikoni. Basi."

Hospitali ya Lexington ilichukua vipimo vingi na kutoa jibu fupi. Ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, unaoua misuli mmoja baada ya mwingine, hauna dawa. Daktari aliuliza ulianza lini, na mume na mke wakatazamana. Mkono wa kushoto ulikwisha mnamo Agosti. Wa kulia ukafuata baridi ilipoingia, kisha miguu, kisha maneno yakaanza kutoka mazito.

Tangu Agosti Hoyt alikuja na mashine yake bila kuitwa, akakata uwanja wote, akaondoka. Ndivyo wanavyofanya kule nyumba ikiingiwa na ugonjwa au msiba. Hawabishi hodi wala hawasubiri shukrani, nawe unawawekea kinywaji baridi kwenye nguzo ya uzio, nao wanajua umeona. Hoyt, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, hakutania tena. Hilo lilimuumiza Arlis kuliko utani. Kila Jumamosi alikaa dirishani akitazama magurudumu ya mtu mwingine juu ya nyasi zake, na siku hiyo hakula. Wilda alivumilia mpaka theluji ikaja ikawapumzisha wote.

Aprili nyasi zilipoota tena, alimwendea Hoyt akamwambia asante, mwaka huu atakata mwenyewe. Akamsukuma Arlis kwa kiti cha magurudumu mpaka mlangoni pa gereji, akavua turubai lililofunika mashine, akaifuta vumbi. Alimweleza mumewe mpango wake. Mashine ataiacha ilivyo. Yeye atazoea, atasukuma cha kushoto kidogo na cha kulia mpaka mwisho, itakwenda.

"Nyoosha," Arlis akasema. Neno moja lilimchukua muda.

"Nitaizoea hivihivi."

"Nyoosha, mama."

"Na ukipata nafuu utaikuta nimeivuruga," Wilda akasema, na alipolisikia neno hilo la nafuu alitamani kulirudisha. Walikwishaacha kuambiana mambo ya namna hiyo tangu Lexington.

Arlis alimtazama bila kukasirika. "Mimi sipandi tena," akasema.

Wilda akachukua spana ukutani, akapiga magoti yake mabovu sakafuni, akaipata bolti ya kulia. Akazungusha. Alidhani ingekuwa kidogo tu, robo hapa na robo pale, mambo ya wiki chache za Juni. Akasimama akamwangalia mumewe.

"Inatosha?"

"Bado."

Akazungusha tena, akauliza tena, na jibu likawa lilelile. Mkono ulikuwa umekwenda mbali kiasi hicho wakati yeye anaoka pai na kuimba, na Arlis aliufuata hatua kwa hatua, peke yake, mlango umefungwa. Wilda hakuuliza tena. Alizungusha spana machozi yakimdondokea mikononi, akingoja aambiwe basi, na Arlis hakusema basi.