Tairi la Mbele

Mwaka ambao kiwanda cha mume wangu kilipunguza wafanyakazi, naye akiwemo, mie nilikuwa muuguzi wa chanjo, na zahanati ilikuwa imenipa pikipiki ya kwendea hadi Chanika. Tulikaa Tabata.

Mume wangu hakujua kukaa bure. Alibomoa banda la kuku akalijenga upya, halafu akalibomoa tena. Alfajiri alivaa viatu vyake vya kiwandani na kuzunguka uani. Basi siku niliporudi na tairi jipya la mbele, aliliwahi kabla sijashuka vizuri. Miaka michache nyuma tairi ulilipata kwa kibali. Sasa Kariakoo matairi yalikuwa yamepangwa hadi barazani mwa maduka.

"Fundi wa nini?" alisema. "Miaka kumi na minne nimeshika mashine."

Alilivalisha kwa bisibisi mbili na goti lake. Alipomaliza, jasho linamtoka, akaniangalia. Nikamsifu.

Kesho yake pikipiki ikaanza kutetemeka. Kwa mwendo mdogo viganja viliniwasha tu. Nikiongeza, usukani ulipigapiga kulia na kushoto. Jioni nikamwambia.

"Unakaza mno mikono," alinijibu. "Ilegeze."

Nikailegeza. Siku ya tatu, kwenye mteremko wa Pugu, usukani ulinitoka. Nilijikuta nje ya lami, kwenye majani, pikipiki imezimika na boksi la chanjo limeninasa mgongoni. Sikuumia. Chanika sikufika. Akina mama walinisubiri na watoto wao hadi wakaondoka.

Nilijikokota kurudi Gongo la Mboto, kwa fundi mmoja aliyestaafu jeshi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, sista." Aliinua gurudumu la mbele, akalizungusha, akaguna. "Nani kakufungia hili?"

Nikainama nitazame.

"Angalia mstari huu wa ubavuni. Huku unauona, huku umezama ndani ya rimu. Tairi halijakaa. Na huu mshale unatakiwa ufuate gurudumu linakozungukia. Wako umegeuzwa."

Alipochukua spana nikamzuia. Nilimwomba anielekeze tu, mume wangu alifunge upya mwenyewe, nikaandika kila kitu nyuma ya kadi ya kliniki. Aliniangalia kama anayemwangalia mtu asiye na akili timamu. Nilirudi nyumbani kwa mwendo wa baiskeli, pembeni kabisa mwa barabara.

Mume wangu alikuwa juu ya paa la banda.

"Leo nimeponea chupuchupu," nilimwambia. "Tairi limefungwa kinyume."

"Nani kasema?"

"Fundi. Nimeandika yote kwenye kadi hii."

"Kwa hiyo umeshanitangaza kwa mafundi." Akashuka, akatoka bila kuaga. Nilipika, nikafua nguo zilizokuwa safi, nikachungulia barabarani mara sijui ngapi. Aliporudi hakukaa. Alisimama mlangoni.

"Alisema nini hasa? Nisomee."

Nikamsomea. Akanirudisha mwanzo, nikamsomea tena.

Jumamosi alilifungua. Safari hii aligeuza mshale ukakaa sawa, akapaka maji ya sabuni kwenye kingo za tairi, akajaza upepo hadi likalia paa! na mstari ukaonekana pande zote. Kisha akaegemeza ekseli juu ya viti viwili vya sebuleni, akalisukuma gurudumu kwa kidole. Lilizunguka, likasita, likarudi nyuma, likatulia. Sehemu iliyoshuka chini, ambayo ndiyo nzito, akaiwekea chaki. Upande wa pili, kwenye spoki, akazungushia waya wa risasi wa kuchomelea redio. Akasukuma tena. Akapunguza waya, akaongeza, akapunguza. Chakula kilipoa. Mchana kutwa alikuwa hapo, hadi gurudumu likawa linasimama popote, bila upande wa kulemea.

Jumatatu nilikwenda Chanika na kurudi. Alikuwa ananisubiri barabarani.

"Haitetemeki?"

"Haitetemeki."

"Hata mteremkoni?"

"Hata mteremkoni."

Alipiga magoti, akalishika tairi, kisha akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Ningekuua," alisema.

Nilimshika bega.

Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa yule fundi, akaomba kujifunza, na akabaki naye hadi alipofungua kibanda chake mwenyewe cha ufundi Tabata. Hata hivyo, tangu siku ile usingizi wake haukutulia. Na mie, kwa miaka mingi, kila nikikaribia Pugu mikono yangu ilijikaza yenyewe.