Nilitoboa Dhamana ya Jokofu la Mkamwana Wangu

Nimekosa, na niliowakosea wananijua. Ninyi mnaonisoma bila kunijua nawaandikia ili kosa hili liwafae, maana mimi halikunifaa kwa lolote.

Mimi ni mzee wa Ijuganyondo, pembezoni mwa mji wa Bukoba. Nimesoma, nimefundisha, nimestaafu. Maisha yangu yote nimelikataa neno la kusikia. Mtu akianza, "Wanasema...", humkata kauli hapo hapo: Nani anasema? Aliona, au naye aliambiwa? Wajukuu walikuwa wakiniiga jikoni nikidhani wanasali. Nilijivunia tabia hiyo. Loo, nilijivunia mno!

Nyumbani kwangu aliishi mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa kwanza, pamoja na watoto wao. Mwanangu yuko kazini Mwanza na huja mwisho wa mwezi. Mkamwana hakukaa bure. Alikusanya maziwa kwa majirani, akatengeneza mtindi, akawauzia akina mama wenye migahawa pale Miembeni. Kwa mtindi huo akanunua jokofu jipya la dukani, lenye risiti na dhamana, si mtumba. Lilikuwa lake. Nalisema hili mapema kwa sababu mimi nililitumia kana kwamba ni langu.

Lilikuwa jokofu la aina isiyoota barafu. Juu pana sehemu ya kugandisha, chini pana baridi ya kawaida, na ndani kuna feni inayosukuma baridi ya juu iteremke chini kwa kupitia tundu la ukutani. Haya nayajua leo. Wakati ule nilichojua ni kulifungua na kulifunga.

Msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, ukafika. Walishuka kama mvua! Nilinunua, na ndugu zangu wa Muleba wakaniongezea. Nikaagiza kwamba wakishachambuliwa mbawa na miguu, wafungwe katika mifuko na kuwekwa juu, kwenye sehemu ya kugandisha, wawasubiri wageni wa Krismasi.

Mke wangu akasema, kwa neno la heshima la Kihaya, "Waitu, pamejaa."

Nikamjibu kwamba pakijaa husukumwa. Nikasukuma mwenyewe kwa kiganja, mpaka mlango ukakubali kufunga.

Haikupita wiki, mtindi ukaanza kuharibika. Sehemu ya chini ilikuwa na joto kama la kabatini. Juu, senene walikuwa wagumu kama kokoto. Hayo mawili yakumbukeni, kwa sababu mimi sikuyaweka pamoja.

Mke wangu akanijia barazani nilikokuwa nimeketi na gazeti.

"Mkamwana anasema senene wameziba tundu la upepo. Watolewe, jokofu lizimwe, liachwe wazi likauke, ndipo liwashwe tena."

"Anasema nani?"

"Si nimekwambia? Mkamwana."

"Wewe umeliona hilo tundu?"

"Sijaliona. Yeye ndiye ameliona."

"Basi kwangu hiyo ni habari ya kusikia. Siipokei."

"Haya! Unataka nimlete mkamwana aje akusute machoni kwa ajili ya senene?"

Naam, hapo ndipo penye aibu yangu. Katika nyumba yetu mkamwana hasimami mbele ya baba mkwe wake kumkosoa. Akiwa na neno, humpa mama mkwe, naye hulifikisha likiwa limelainishwa. Ndiyo adabu tuliyolelewa nayo, na mimi ndiye niliyeisimamia kwa ukali kuliko wote. Kwa hiyo jambo aliloliona kwa macho yake halikuweza kunifikia ila kwa kinywa cha mwingine. Nami nikalikataa kwa sababu limekuja kwa kinywa cha mwingine! Ni hakimu gani anayemkataza shahidi asiingie mahakamani, kisha akasema hapakuwa na ushahidi?

Tena niseme ukweli wote. Niliona nimedharauliwa. Kwamba senene wangu, mzee mzima, ndio wakosaji?

Nikachukua simu nikampigia mwanangu Mwanza. Nikamwambia, "Mkeo anafungua jokofu ovyo mchana kutwa. Ameliharibu."

Niliona akilifungua ovyo? Sikuona. Kuna aliyeniambia? Hakuna. Mimi, mchukia uvumi, niliutunga uvumi mwenyewe nikausafirisha hadi ng'ambo ya ziwa! Mwanangu akamfokea mkewe. Nilimsikia mkamwana jikoni akijibu kwa simu, "Sawa. Sawa. Sawa." Hakunitaja. Hakuwataja senene.

Kisha nikamwita fundi wa majokofu kutoka Miembeni. Sikuwapigia wenye duka, ingawa namba yao ilikuwa imeandikwa juu ya risiti. Niliona ni kupoteza muda.

Fundi akafungua mlango, akapitisha mkono sehemu ya chini, akafunga. "Gesi imekwisha, mzee."

"Umejuaje?"

"Friji ikiwa na joto, huwa ni gesi."

"'Huwa' si ushahidi. Nionyeshe."

"Kukuonyesha lazima nikate huu mrija wa nyuma nifunge geji ya kupima gesi. Hii bado ina waranti?"

"Ndiyo, dhamana ipo. Kata."

"Mzee wangu, nikishakata, wale wa dukani..."

"Mimi sinunui maneno, bwana fundi. Nataka kuona."

Akacheka kidogo. "Haya, shuhudia mwenyewe. Usije ukasema fundi kaharibu."

Akakata. Ssssss! Gesi ikatoka ikipiga mluzi mrefu, bila haya, kama tairi lililochomwa msumari. Tulitazamana.

"Kumbe ilikuwemo," fundi akasema.

Ilikuwemo! Nilitaka ushahidi, nikaupata, na kwa kuupata nikawa nimeimwaga gesi yenyewe. Fundi akajaribu kuurekebisha mrija na kujaza gesi aliyokuwa nayo. Kesho yake hata juu kulikuwa na joto. Senene wakaanza kunuka. Mke wangu akawabeba kwa karai kwenda kuwafukia migombani, akapita mbele yangu kwa makusudi kabisa.

"Waitu, juzi hawa walikuwa mawe. Kama gesi ilikuwa imekwisha, walikuwa wanagandishwa na nini? Sala ya novena?"

Lilikuwa swali la mtoto wa darasa la tatu, nami nimewauliza watoto wa watu maswali magumu kuliko hilo maisha yangu yote.

Ndipo nikaikumbuka dhamana. Kwenye mlango wa jokofu palikuwa na stika inayong'aa: miaka kumi! Nikawapigia wenye duka, wakamtuma fundi wao, akatazama nyuma, akaondoka. Nikaitwa dukani. Aliyenipokea alikuwa binti mwenye adabu nyingi, na hilo likaniudhi zaidi.

"Shikamoo, mzee. Ile miaka kumi ni ya mota peke yake. Vitu vingine muda wake ni mfupi."

"Muda huo mfupi umekwisha?"

"Bado, mzee. Ila mrija umekatwa. Ni nani aliyekata?"

"Fundi. Kwa amri yangu."

"Basi waranti imekufa."

"Binti, kwa Kiswahili sanifu hiyo ni dhamana, na dhamana ni ahadi. Ahadi hufaje?"

"Ahadi yetu ni juu ya kosa la kiwandani, mzee. Kiwandani hawakukata."

Nikapandisha sauti. Nikasema jokofu hili ni la mkamwana, ndilo linalobeba biashara yake ya mtindi, mnataka ale nini? Binti akainamisha kichwa. "Afadhali hilo usingelisema, mzee. Waranti hii ni ya matumizi ya nyumbani, si ya biashara." Nimezunguka na ulimi wangu miaka yote hii, na siku hiyo ulinichimbia shimo la pili kabla sijatoka katika la kwanza!

Nilipokuwa nashika mlango nikamwuliza, kwa sauti ndogo, kama ningewapigia mapema ingekuwaje.

"Tungekuja bure. Tungetoa mifuko, tungezima, tungesubiri ikauke. Msimu huu kila mara tunaitwa kwa ajili ya senene, mzee. Huku kwetu ndiyo ugonjwa wa friji."

Ugonjwa wa friji! Mji mzima ulikuwa unaujua, isipokuwa mimi.

Mkamwana hakupiga kelele. Wateja wake wa Miembeni walimvumilia kidogo, kisha wakatafuta mtindi kwingine, na sina haki ya kuwalaumu. Siku moja mke wangu akaniletea neno: mkamwana anaomba ruhusa akawasalimie wazazi wake Muleba. Nikatoa ruhusa. Aliondoka na watoto na vyombo vyake vya maziwa, na mtu anayekwenda kusalimia habebi vyombo vya maziwa. Hilo nililiona kwa macho yangu, na bado nikanyamaza.

Hakurudi. Mwanangu sasa akitoka Mwanza hushukia Muleba. Basi linaendelea hadi Bukoba bila yeye. Jokofu limebaki sebuleni, mke wangu anahifadhia unga na vikombe vya wageni, na nyumba imekuwa kimya kiasi kwamba nasikia migomba ikipigwa na upepo.

Nilikaa na ukaidi wangu mpaka ukanichosha. Nikavaa koti, nikaenda Muleba. Wazazi wake walinipokea kwa heshima nisiyostahili, wakaniwekea kahawa. Nikaomba mkamwana aje, aseme na mimi yeye mwenyewe. Mama yake akashangaa, lakini akamwita.

Akapiga magoti mlangoni, akaniamkia kwa Kihaya. "Kasinge, waitu."

Nikamwambia, "Mwanangu, ulisema kweli nikaikataa. Kisha nikakusingizia kwa mumeo. Yeye nimekwisha kumwambia kwamba nilisema uongo. Nisamehe."

Mama yake akaanza kumjibia: "Ah, baba, mambo hayo yamekwisha, yeye hana..." Nikamwomba amwache.

Mkamwana akainua macho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe, akaniita baba kwa Kihaya.

"Nimekusamehe, tata. Ila jokofu nitakalonunua tena, nitaliweka huku."

Nikasema, "Ni haki yako." Kahawa ilinishinda kumaliza.

Sasa ninyi mnaosoma, na hasa wazee wenzangu, nawaonya. Jokofu likikosa baridi chini huku juu linagandisha, msikimbilie kusema gesi. Toeni mizigo iliyobanana, lizimeni, liacheni wazi mpaka likauke, kisha liwasheni na kulipatia muda. Likigoma, wapigieni waliowauzia kabla mtu yeyote hajagusa mrija. Someni dhamana hadi mwisho, si stika ya mlangoni. Mjue inabeba nini, kwa muda gani, na ni jambo gani linaiua. Na kitu cha mwenzako ni cha mwenzako, hata kama kinakaa chini ya paa lako.

Lakini hayo yote ni madogo. Mtu anayekishika kitu kila siku akikuletea neno juu yake, usimwulize neno limepitia kinywa cha nani. Inuka ukatazame. Mimi niliyedai ushahidi kwa kila mtu, jokofu lilikuwa nyuma ya ukuta niliouegemea, na tundu lilikuwa nyuma ya mifuko niliyoisukuma kwa kiganja changu. Ningeinuka tu kitini!

Sikuinuka.