Gari Lililosonya Wakwe

Ni kazi ngumu kumweleza mtu mzima mwenye akili zake kwamba si wewe uliyemsonya, ni gari. Nimejaribu kumweleza trafiki, nimejaribu kumweleza bosi wangu, na mama muuza maandazi wa karibu na ofisi yetu, na wote walinitazama kwa jicho lile lile la kutoniamini. Lakini hao hawakuwa na binti niliyetaka kumwoa.

Gari lenyewe ni la Kijapani, la zamani kidogo, lina turbo. Nililinunua mwaka wa pili wa kazi yangu serikalini hapa Dodoma, na tangu siku hiyo sikulipa nafasi ya kubaki kama lilivyotoka kiwandani. Kila kilichofunguka nilikifungua. Vifaa vya kuagiza nje sikuviweza, kwa hiyo nikampata fundi mmoja wa Kizota, mzee mwenye mashine ya kukereza vyuma, aliyezeekea kwenye vipuri vya mashine za kusaga. Mzee huyu hajawahi kusema kitu fulani hakitengenezeki. Ukimwonyesha picha kwenye simu anaisogeza mbali na macho, anaguna, kisha anauliza, "Unakitaka lini?"

Alinitengenezea mabomba ya upepo, akanitengenezea ekzosi, na mwishowe nikamwomba valvu. Turbo kazi yake ni kusukuma upepo kwenye injini. Ukikanyaga mafuta upepo unajaa. Ukiachia ghafla, ule uliojaa unatafuta pa kutokea, na valvu ndiyo inayoufungulia mlango. Kwenye magari ya wenzangu upepo huo hutoka kwa mlio mfupi, psh, kama soda inayofunguliwa. Niliutaka mlio huo kuliko nilivyotaka kupandishwa cheo.

Mzee akakereza valvu kwa shaba ya bomba la maji, na ndani akaweka springi aliyoitoa kwenye pampu ya kuogeshea ng'ombe. Siku ya kuijaribu tulitoka naye kwa barabara ya Msalato. Nikakanyaga, nikaachia, na gari likasonya.

Sisemi lilitoa mlio unaofanana na msonyo. Lilisonya. Msonyo ulianzia menoni, ukavutwa, ukarefuka, ukamalizikia puani kwa dharau ya mtu aliyekuchoka siku nyingi. Mzee akatazama nje dirishani, akasema, "Springi ngumu kidogo. Italegea."

Haikulegea. Na ubaya wa valvu ile ni kwamba haikuwasonya watu niliowapita kwa kasi. Iliwasonya wale tu niliowapunguzia mwendo kwa heshima. Bosi wangu nilimsonya siku niliyompisha getini. Trafiki nilimsonya kwa sababu nilitii mkono wake mara moja. Ukiendesha taratibu kama uliyebeba mayai, upepo haujai na gari linanyamaza. Lakini nani ananunua gari la turbo abebe mayai? Mtaniuliza kwa nini sikuitoa. Kiburi tu. Nilikuwa nimeshamtangazia kila mtu kwamba imetengenezwa hapa hapa Dodoma, kwa vipimo vyangu.

Mchumba wangu ni mwalimu wa hisabati, na kwao ni Kolo, kule Kondoa. Siku ya kupeleka posa ilipokaribia alinipigia simu akasema, "Njoo na basi." Nilikasirika. Nikamwambia mwanamume haendi ukweni na basi ilhali ana gari. Akasema, "Basi njoo nalo, lakini ukimsonya baba yangu, mimi simo." Akakata.

Kwa hiyo nikatoka Dodoma asubuhi, na mjomba wangu pembeni amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wetu, mtu mzito kwa maneno na mzito kwa mwili. Mpaka Chemba, mpaka Kondoa, niliendesha kwa adabu ambayo gari lile halijawahi kuiona. Malori yalitupita. Pikipiki yenye mbuzi wawili ilitupita, na mbuzi mmoja akatutazama. Mjomba akasema, "Ndiyo turbo hii?" Nikajizuia nisikanyage.

Jambo ambalo sikulijua ni mlima. Nyumba ya wakwe iko juu ya kilima, na njia yake ni mchanga na mawe. Nilipojaribu kuipanda kwa upole gari likaanza kurudi nyuma na mjomba wangu ndani. Nikakanyaga. Likapanda kwa kishindo, mawe yakiruka, na tulipoibukia juu tukawakuta wazee watatu wamesimama mstari mmoja langoni kutupokea: baba mkwe wangu mtarajiwa na ndugu zake wawili, wote na kofia zao. Ingekuwa wewe ungefanyaje? Niliachia mafuta.

Likawasonya wote watatu. Nilishuka mbio, nikasema shikamoo zaidi ya mara tatu. Hakuna aliyeitikia.

Baba mkwe akamgeukia mjomba. "Kijana wako amenisonya."

"Hapana, ndugu yangu," mjomba akasema. "Ni gari."

"Gari limenisonya?"

"Ndiyo."

Wazee wakatazamana. Mdogo wao, ambaye baadaye niliambiwa ni mzee wa baraza la kata, akasema shauri likiwa na ushahidi halina haja ya ugomvi. Gari lishuke lipande tena. Nikashuka, nikapanda, likasonya. Akasema mara moja haitoshi. Nikashuka tena, nikapanda, na safari hii kila mzee alisimama mahali pake akasikiliza kwa makini, mmoja ametega sikio kwa mkono. Likasonya vizuri kuliko mwanzo.

"Ni kweli," mzee wa baraza akasema. "Linasonya. Na lina dharau."

Nikashukuru nikidhani nimesalimika. Baba mkwe akainua kidole. "Ng'ombe wako akila mahindi yangu, namshtaki ng'ombe?" Hapo nikajua nimekwisha. Dirishani nilimwona mchumba wangu ameshika kichwa. Sijawahi kulichukia gari lile kama dakika ile, na nililipenda sana.

Wazee wakaamua kwamba posa haitapokelewa wala kukataliwa mpaka mama yao aseme. Bibi huyo alikuwa amekaa kibarazani muda wote, mdogo, mkavu, amejifunga kanga mbili, tasbihi mkononi. Akaniita nikae chini, karibu na miguu yake.

"Linasonya mtu yeyote?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Yeyote, bibi. Halichagui."

"Nawe unafanyaje?"

"Nakanyaga, halafu naachia."

Akahesabu tasbihi kidogo. Kisha akanieleza shida yake. Huko bondeni aliishi wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Zamani wifi huyo aliazima sufuria kubwa la bibi la shughuli, akalirudisha limetoboka, na alipoulizwa akasema lilikuja hivyo hivyo. Bibi akalikataa. Tangu hapo hawajasemezana. Wanakutana misibani, wanakaa mkeka mmoja, kila mtu na mgongo wake.

"Mimi nimeshakwenda Makka," bibi akasema. "Siwezi kumsonya mtu. Ila gari halijakwenda."

Nikamwelewa. Akasema nikimpitisha pale mbele ya wifi yake, atawaambia wanawe wanipe mke. Nikakubali hata kabla hajamaliza. Wazee walidhani bibi anataka tu kupunga upepo, wakamsaidia kupanda.

Njiani alinipa maelekezo kama kamanda. Kuna kichuguu kikubwa, nikikifikia nikanyage. Kuna zizi, nikilifikia niachie. Alifungua kioo mpaka chini ili asikie vizuri. Mkono wake ulishika mlango, na niliona wazi kwamba alikuwa na furaha.

Tulipokaribia kichuguu nikamwona huyo wifi. Alikuwa ameketi nje ya nyumba anapeta uwele. Aliposikia gari alitupa macho, akamtambua aliyekaa mbele, na akaweka ungo chini. Akasimama kwa shida, kwa magoti mabovu. Akafuta mikono kwenye kanga, akaivuta kichwani ikae sawa, akasogea mpaka ukingoni mwa njia. Kwetu mchumba anayekuja kuposa huzungushwa kusalimia wazee wa ukoo, na yeye alidhani amekumbukwa.

"Kanyaga," bibi akasema.

Mguu wangu ukagoma. Nilimjua ninayempoteza, nilimjua kwa jina na kwa sauti, maana ndiye aliyenipigia simu nije na basi. Nikapita kichuguu taratibu, nikapita zizi taratibu, nikasimama kimya kabisa mbele ya yule mama.

"Mbona halisemi?" bibi akanong'ona.

"Limegoma, bibi."

Wifi alikwisha kufika dirishani. "Wifi," akasema. "Umeniletea mkwe nimwone?"

Bibi alinitazama kwa jicho lililonichoma. Akatazama tasbihi yake. Kisha akasema, "Nimemleta umwone."

Tulikaa pale mpaka jua likalegea. Tulikula karanga, wakazungumza magoti, wakazungumza marehemu, wakarudi kwenye magoti. Wakati wa kuondoka wifi aliingia ndani akatoka na sufuria, kubwa mno kiasi cha kumwogeshea mtoto, tundu lake limezibwa vizuri na kung'arishwa. "Nililipeleka kwa fundi mwaka ule ule," akasema. "Nikakosa pa kulileta."  Bibi alilipapasa pale penye kiraka, halafu akaniamuru nilipakie.

Tukarudi, sufuria likiwa limejaza kiti chote cha nyuma. Chini ya kilima nilisimama. Nilifikiria kusingizia petroli imekwisha. Nilifikiria kumwomba bibi apande kwa miguu, nikaona aibu. Hakukuwa na njia nyingine ya kuupanda mlima ule. Nikakanyaga, mawe yakaruka, sufuria likagonga mlango, tukaibuka juu. Wazee walikuwa pale pale langoni, na mjomba wangu katikati yao amelowa jasho. Nikaachia.

Msonyo ule ulikuwa mrefu kuliko yote. Nilizima injini nikashika usukani kwa mikono miwili, nikitazama mbele.

"Kumbe linasema," bibi akasema polepole.

 Alifungua mlango mwenyewe, akashuka, akajitengeneza kanga, akaenda mpaka kwa mwanawe.

"Kijana huyu ni mwongo," akamwambia. "Mpeni mke."