Maoni Yangu juu ya Kitabu cha Wifi

Jamani, hili nalisema kwa sababu mmenibana, na kwa sababu mwaka umepita na aibu imepungua kidogo, lakini msidhani imekwisha, maana mpaka leo nikipita karibu na ule ukumbi wa Lindi mjini nauvuta mtandio usoni na kuharakisha hatua.

Mnanijua mimi na vitabu. Nikisoma lazima niseme, na nikisema lazima watu wacheke, hiyo ndiyo tabia yangu na mama yangu alinikanya zamani. Jumamosi ile asubuhi kulikuwa na mkutano wa wasomaji, wiki kadhaa kabla tulikuwa tumepewa vitabu vipya vitatu tuvisome, kimoja cha majini, kimoja cha watoto na kimoja cha mapenzi, na mimi ndiye niliyeombwa kufungua mjadala.

Hicho cha mapenzi kiliandikwa na mtu anayejiita Bint Mgeni. Sasa mchumba wangu Shaibu, kijana wa Kilwa Kivinje aliye fundi umeme kule Songo Songo, akanipigia simu nikiwa navaa. "Zai, huyo Bint Mgeni ndiye Dada. Amekuja kutoka Tanga, atakuwepo hapo. Mchangamkie, asijione mgeni."

Dada huyo nilikuwa nikimsikia miaka miwili, Dada kasema hivi, Dada kaleta kanga, ila sijawahi kumwona. Mama yake Shaibu nilimjua, yule Bi Mwajuma wa Kivinje, nimeshakula kwake zaidi ya mara moja. Na Ijumaa iliyokuwa inakuja wazee wao walikuwa walete posa kwetu, kwa hiyo nilitaka sana kupendwa na ukoo mzima. Nikawaza, dada wa mchumba ni wifi, na wifi ni mtu wa kutaniwa, usipomtania atasema unaringa. Basi nikaamua nimtanie mbele za watu, ajue kapata wifi mwenye maneno.

Nilimkuta mlangoni, mwanamke wa arobaini na kitu, mtulivu, sura ya Shaibu mtupu, nikajua huyu ni mzaliwa wa kwanza. Shikamoo nikaimeza (wifi ukimpa shikamoo atadhani unamwita mzee, ndivyo nilivyojidanganya), nikamgonga begani, "Wifi, mambo vipi!" Akanitazama, akasema taratibu, "Salama, mwanangu." Nikacheka, nikaona naye utani anaujua.

Nikapewa kipaza sauti. Nikaanza na cha majini, nikasema kimeandikwa vizuri sana na kinatisha, ila jini wake anakaa Songo Songo na anaukimbia moto wa gesi, na sisi wote tumefundishwa katika chuo cha Kurani kwamba jini kaumbwa kwa moto, sasa anakimbia nini, ndugu zake? Watu wakacheka. Cha watoto nikakisifu, kile cha pweza anayepoteza viatu vinane, wapwa zangu wamekisoma mpaka jalada limebanduka, ila nikauliza kwa nini kila hadithi ya watoto lazima iishie na mtoto kuomba radhi, kwani wazazi hawakosei? Wakapiga makofi. Na mimi makofi huwa yananilevya.

"Sasa Bint Mgeni," nikasema. "Huyu mapenzi kayasikia kwa jirani! Kijana kamwona binti kisimani, ukurasa wa pili kazimia. Huyo ni mpenzi au ana kisukari?" Ukumbi ukalipuka. Laiti ningeishia hapo. "Halafu binti anazaa, anamwacha mtoto wa miezi sita, anapanda basi anakwenda zake, na mwandishi hatuambii kwa nini! Mama gani huyo? Hata kuku hulinda vifaranga vyake. Wifi, hapo ulisinzia, simama utujibu!"

Akasimama. Akakipokea kipaza sauti, akasema kwa upole, "Zainabu, mimi si wifi yako. Shaibu nimemzaa mimi, nikiwa na miaka kumi na sita. Alikua akiwasikia wadogo zangu wananiita Dada, naye akashika hivyo hivyo. Yule anayemwita Mama ni mama yangu mimi, bibi yake."

Na jambo hili kwetu lipo kila mtaa! Binamu yangu mwenyewe anamwita mama yake Dada, nimekua nikilisikia, na bado halikunijia. Nikakumbuka lile neno nililolimeza mlangoni, nikapiga magoti yote mawili, "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu, na watu wakacheka mpaka mwalimu aliyekuwa akiongoza mkutano akatangaza mapumziko ya chai.

Nilimfuata nje nikilia, nikijua posa imeshakufa. Akanishika mkono. "Usilie. Ukurasa wa kusema kwa nini aliondoka kweli haupo. Nimeuandika mara nyingi nikauchana, sikujua niseme nini Shaibu akisoma asinichukie." Nilijisikia vibaya kuliko kama angenitukana.

Ijumaa posa ililetwa, naye alikuja na wanawake wa kwao, wala hakusema lolote kwa wazazi wangu (wao walishaambiwa na nusu ya mji). Miezi mitatu baada ya harusi akanipa karatasi nne za mkono wake, akataka maoni yangu kabla hajampa mwanawe. Nikazisoma nimesimama jikoni. Kwa nini alipanda lile basi, yote yamo, na sitawaambia, si yangu. Akaniuliza, "Eti, unasemaje?" Mimi, mwenye maneno, nikasema, "Mama, mpe asome leo."

Nanyi mkiniletea kitabu tena, niambieni kwanza aliyekiandika kamzaa nani.