Kumtoa Mdogo Wangu Mikuyuni

Mdogo wangu alifia kazini, kule Morningside, kwenye kile kichaka cha mikuyu ya kale, mikubwa hata maghorofa ya jirani huyaoni. Alikuwa juu anapunguza matawi, kamba ikakatika. Tulimzika hapa hapa Durban, maana kumrudisha kwetu Uvira kulitushinda.

Baada ya mazishi Mama akaanza kupiga simu kutoka Uvira, analia. "Mwanangu, kila nikifumba macho namwota. Amesimama katikati ya miti, anasema hajui njia. Kwa nini mmemwacha huko?"

Mimi ni mtu wa kanisa, lakini kwa ndoto hiyo nikaanza kuuliza watu. Gogo mmoja, bibi mzee wa Kizulu, jirani yetu Albert Park, ndiye aliyenifungua macho. "Hamkwenda kumchukua pale alipoangukia? Eish! Basi mlizika mwili tu." Akanipa tawi la mti wa miiba. Kwao marehemu huchukuliwa kwa tawi hilo: unamwita, unamweleza njia yote, unamlipia kiti chake, na huongei na mtu mwingine mpaka mmefika nyumbani.

Nikaenda Jumamosi mchana. Barabarani jua liliwaka, lakini chini ya mikuyu kulikuwa na giza na baridi, hata ndege hakuna. Kipande cha kamba yake bado kilining'inia juu. Niliogopa, sisemi uongo. Nikamwita kwa jina. Kamba ikaanza kucheza, na upepo haukuwepo.

"Twende nyumbani," nikamwambia. "Mama hapati usingizi kwa ajili yako."

Kwenye robot, zile taa za kuongozea magari, nikakutana na mama shemasi wa kanisa letu. "Jambo, dada!" Kwetu, kumpita mtu bila kuitikia ni tusi. Nikampita, huku nikilinong'oneza tawi: "Tunavuka sasa, angalia magari." Jumapili yake kanisani nilisemwa kweli!

Ndani ya teksi nililipia viti viwili. Dereva alipoliona tawi akajua, akazima muziki. Nikaliweka kwenye kile kiti cha pili, juu ya mkoba wangu. Mara simu ikalia humo mkobani, mlio wa Mama. Jamani, roho iliniuma! Lakini sikuigusa. Ikalia, ikanyamaza.

Tulipofika nikalilaza tawi kwenye godoro lake, ndipo nikampigia Mama. "Nisamehe, Mama, sikuweza kupokea."

"Mbona ilipokelewa?" akasema. Sauti yake ilikuwa imetulia, sijaisikia hivyo tangu msiba. "Wewe hukusema kitu, lakini yeye nilimsikia. Alikohoa kile kikohozi chake, akaniambia, 'Usilie, Mama. Niko kwenye teksi, nimekaa dirishani.'"

Nikaketi chini, nikalia. Tangu utotoni tulikuwa tunagombania dirisha, na siku hiyo nilimwachia. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.